Land Rover 110 kwenye mbuga za Usukumani: tathmini ya gari lililookolewa kwa kodi

Kwa miaka minne sasa nimekuwa nikifanya kazi na Land Rover 110 ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya lita 2.5 inayojulikana kama 300Tdi, na kwa kuwa watu wengi hapa Mwanza huniuliza kama gari la namna hii bado linafaa kununuliwa, nimeona niandike ninachokijua. Kazi yangu ni kutengeneza pampu za visima vijijini, katika wilaya za Misungwi, Kwimba na Magu. Ni kazi inayonitaka nibebe mabomba marefu juu ya keria, sanduku la spana, jenereta ndogo na mafundi watatu, kisha nifike mahali ambapo barabara imekwisha na kubaki njia ya ng'ombe. Mtu anayetafuta gari la kumpeleka Capri Point jioni na kumrudisha nyumbani hatapata faida kubwa katika maelezo haya.

Hata hivyo, tathmini hii haitaishia kwenye injini na matairi. Land Rover ni gari lililotoka katika kampuni ambayo mwaka 1975 ilikuwa imekaukiwa fedha, ikaokolewa na Serikali ya Uingereza kwa kodi za wananchi wake, na kila mnunuzi wa gari hili, awe London au Ngudu, amerithi matokeo ya uamuzi ule. Suala la kama walipa kodi wabebeshwe mzigo wa viwanda vya magari vinavyoyumba huzungumzwa mara nyingi kwa hesabu za mabilioni ambazo mwananchi wa kawaida hana namna ya kuzishika mkononi. Mimi nimeliangalia kutoka upande wa mtu aliyenunua kile kilichookolewa, anayekiendesha kila wiki na kukilipia spea. Msimamo wangu nautaja mapema: walipa kodi wanaweza kukiokoa kiwanda cha magari, lakini pale tu wanapoonyeshwa ni sehemu gani ya kiwanda hicho bado ina uhai, wakaimiliki sehemu hiyo kwa haki, na waliokifikisha kiwanda pabaya wakatangulia kupoteza chao.

Nianze na pale gari linapostahili sifa zake. Mwezi Machi mwaka jana tulikuwa tunatoka kijiji kimoja kusini mwa Ngudu baada ya mvua ya usiku kucha, na mbele yetu kulikuwa na mbuga ya karibu kilomita mbili. Msomaji aliyekulia Usukumani anaujua udongo ule mweusi: wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa ndama, na wakati wa masika hugeuka uji mzito unaojaza kashata za tairi mpaka tairi liwe laini kama limepakwa sabuni. Fuso moja lililobeba saruji lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli, na vijana wake walikuwa wamekaa juu ya mifuko wakisubiri jua litoke. Niliteremka nikaikagua njia kwa miguu, nikarudi, nikakisukuma kushoto kile kirungu kifupi kilicho kando ya gia, taa ndogo ya rangi ya chungwa ikawaka, nikaingiza gia nzito, tukaondoka polepole kwa gia ya pili bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Gari lilicheza mkia mara kadhaa na tope likaruka mpaka juu ya mabomba, lakini halikusimama hadi tulipokanyaga changarawe upande wa pili. Kisha tukarudi na kamba kuwasaidia wale vijana kuteremsha mzigo wao.

Maelezo ya jambo hilo ni mepesi. Land Rover 110 husukuma magurudumu yote manne wakati wote, na kirungu kile hufunga difu ya katikati ili ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo mmoja, hata kama upande mmoja umekosa pa kushika. Tangu modeli hii ilipotoka mwaka 1983, springi zake ni za koili, badala ya zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka zilizokuwa kwenye Land Rover 109 ya zamani, kwa hiyo gurudumu hushuka ndani ya shimo na kuendelea kugusa ardhi ilhali lile jingine limenyanyuka. Injini ya 300Tdi ina nguvu za farasi 111 tu, ambazo ni chache kwa gari la uzito huu, lakini mvuto wake hupatikana injini ikiwa bado inazunguka taratibu, na hapo ndipo mtu wa mbugani anapouhitaji. Hakuna kompyuta inayoiongoza injini hiyo. Fundi mwenye spana, taa na subira anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga kabla ya magharibi.

Mapungufu ya 110 nayo hayana siri, kwa maana yanajulikana kwa kila aliyewahi kuiendesha popote duniani. Nafasi ya dereva ni finyu kiasi kwamba kiwiko cha kulia hugusa mlango muda wote. Kelele za injini na za upepo hukufanya upaze sauti ili kuzungumza na mtu aliyekaa karibu nawe, na kwenye lami ya kwenda Shinyanga mabasi yote yatakupita. Mvua kubwa hupata pa kupenyea milangoni. Injini za kwanza za 300Tdi zilijulikana kwa puli zilizokaa upande kidogo, zikaula mkanda wa taimingi kabla ya wakati wake, na ilibidi zitolewe puli zilizorekebishwa. Mnunuzi aulize kama marekebisho hayo yalishafanywa. Bodi ni ya aloi ya aluminiamu, haioti kutu, lakini jambo hilo huwadanganya wengi, kwa sababu chesisi na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni vya chuma cha kawaida. Hapa kwetu ziwani ni muhimu sana kujua gari lilikuwa likifanya kazi gani kabla yako. Lililokuwa likibeba sangara wenye barafu kutoka mialoni, maji ya samaki yakichuruzika sakafuni miaka nenda rudi, linaweza kung'aa juu na kuwa limeoza chini. Lala chini yake ukiwa na nyundo ndogo, ugonge kutoka mbele hadi nyuma, na usikilize.

Nilicholipia kwa uchungu zaidi kilitokana na duka. Katika mwaka wa pili nilibadilisha mkanda wa taimingi, nikanunua mpya katika duka moja la mjini, ukiwa ndani ya boksi zuri lenye nembo na muhuri. Haukumaliza miezi mitano. Ulikatika nikiwa napita Kisesa, injini ikazimika ghafla, na kwa kuwa katika injini hii mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, fito zinazosukuma valvu zilipinda karibu zote. Gari lilivutwa mpaka gereji moja ya Nyakato, kwa mzee aliyeanza ufundi akiwa kijana mdogo, enzi za Land Rover 109 za maofisa wa kilimo. Alifungua kifuniko, akautoa mkanda, akaupindua upande wenye maandishi, akalowesha kidole gumba kwa dizeli na kuanza kusugua. Maandishi yalitoka yote, yakabaki kwenye kidole chake kama masizi.

“Umeona, mwanangu?” akaniambia akinionyesha kidole. “Huu umeandikwa jina la watu wengine.”

“Walinipa na risiti, mzee.”

“Risiti ni ya duka. Mimi nakuuliza mkanda ni wa nani.”

Siku tatu baadaye mkanda halisi pamoja na fito mpya vilifika kwa basi kutoka Dar es Salaam, na mzee alipousugua ule kwa dizeli haukutoa hata alama. Jambo hilo ndilo lililonifanya nifikiri upya kuhusu kuokoa viwanda. Gari langu ni la mwaka 1996, na uzalishaji wa modeli yake ulikoma kule Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, lakini katika mji ulio mbali kabisa na bahari bado ninaweza kupata kipande sahihi ndani ya siku tatu, na bado kuna wazee na vijana wanaojua kukifunga. Kiwanda cha magari hakiuzi gari peke yake. Huuza pia ahadi ya miaka ishirini au thelathini kwamba kipande kikivunjika kitapatikana kingine. Kampuni ikifa, ahadi hiyo huenda kwa nani? Serikali ya Marekani iliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 2009, wakati hatima ya General Motors na Chrysler ilikuwa haijajulikana, Rais Barack Obama alitangaza kwamba serikali yenyewe itasimama nyuma ya dhamana za magari mapya ya kampuni hizo, kwa sababu hakuna anayenunua gari kwa mtengenezaji anayeweza kutoweka kesho, na wateja wakikimbia kampuni hufa haraka zaidi.

Uswidi ilichukua njia nyingine, na mkasa wake unafaa kutazamwa kwa makini. Serikali ya nchi hiyo ilikataa katakata kuwa mmiliki wa kiwanda cha Saab, na Saab ikafilisika Desemba 2011. Lakini kwa kuwa serikali ilikuwa imedhamini mkopo wa kampuni hiyo, na rehani ya dhamana hiyo ilikuwa kampuni ya spea za Saab, ikajikuta inaimiliki kampuni ya spea. Kiwanda kilikufa, spea zikabaki mikononi mwa umma. Kwa mtu anayeishi kwa gari lake, kama ninavyoishi mimi, huo haukuwa uamuzi mbaya hata kidogo, ingawa haukuwasaidia wafanyakazi waliopoteza kazi zao.

Turudi kwa Land Rover. British Leyland, kampuni iliyokuwa ikilitengeneza gari hili wakati wa uokoaji, ilizaliwa mwaka 1968 kwa kuunganisha karibu kila jina kubwa la magari lililokuwa bado mikononi mwa Waingereza: Austin, Morris, Jaguar, Rover, Triumph, pamoja na malori na mabasi ya Leyland ambayo wazee wetu waliyapanda. Mwishoni mwa mwaka 1974 fedha zilikwisha. Serikali ikampa Lord Ryder kazi ya kuichunguza kampuni, ripoti yake ikatoka mwaka 1975, na dola ikachukua karibu hisa zote na kuanza kumimina fedha. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilifanyika hapo hapo mwanzoni. Walikiokoa kila kitu kwa pamoja, magari ambayo wateja walikuwa wakiyakimbia pamoja na gari moja ambalo wateja walikuwa wakilingojea kwa miezi. Kwa miaka mingi faida iliyotoka kwa Land Rover ilikwenda kuziba matundu ya wengine, na karakana zake hazikupanuliwa ipasavyo, huku maombi kutoka Afrika na Australia yakirundikana.

Mzee wa Nyakato anayakumbuka matokeo ya kosa hilo bila kuhitaji ripoti yoyote. Anasimulia kwamba ofisi iliagiza Land Rover ikajibiwa isubiri, ikaandika tena ikajibiwa isubiri, na katika kusubiri huko Land Cruiser za Toyota zikafika. Nilimuuliza kama mafundi wa wakati ule waliona Toyota ni gari bora zaidi.

“Hatukuiacha Land Rover kwa kuichukia,” alinijibu. “Tuliita, haikuja.”

Ukitembea leo kutoka Buzuruga hadi Nyegezi na kuhesabu magari ya miradi, ya hospitali na ya serikali, utaona ni nani aliyefika. Soko hilo halikurudi tena.

Mwaka 1978 ndipo Land Rover ilipotengwa kuwa kampuni yake ndani ya lile kundi kubwa, ikapewa uongozi wake na fedha zake za kuwekeza, na miaka mitano baadaye ikatoka 110 yenye springi za koili. Kwa maneno mengine, springi zilizonivusha mbuga ya Ngudu zilibuniwa wakati ambapo mwenye kiwanda alikuwa mlipa kodi wa Uingereza, na nasema kwa moyo wangu wote kwamba mlipa kodi huyo alifanya kazi nzuri. Hata Waziri Mkuu Margaret Thatcher, ambaye hakuamini kabisa kwamba dola inapaswa kumiliki viwanda, aliidhinisha karibu pauni bilioni 1 nyingine kwa kundi zima la British Leyland mwaka 1981, kwa kuwa gharama ya kuiacha ianguke ilionekana kubwa zaidi.

Kinachoniuma ni namna yule mlipa kodi alivyotolewa nje. Mwaka 1988 kampuni hiyo, ambayo kwa wakati huo iliitwa Rover Group, iliuzwa kwa British Aerospace kwa pauni milioni 150, baada ya kumezeshwa mabilioni. Miaka sita tu baadaye British Aerospace iliuza hisa zake, asilimia 80, kwa BMW kwa pauni milioni 800. Tofauti ile ilikwenda kwa wanahisa wapya, ambao hawakuwapo wakati wa njaa. Mwaka 2000 BMW iliigawa, Land Rover ikaenda kwa Ford, na mwaka 2008 Tata ya India ikainunua pamoja na Jaguar kwa dola bilioni 2.3. Sehemu iliyobaki ya magari madogo, MG Rover, ilifungwa Aprili 2005, na watu takriban 6,000 wa kiwanda cha Longbridge wakapoteza kazi. Hivyo miaka 30 ya fedha na mabishano ilimalizika kwa kuonyesha jambo lililokuwa wazi tangu mwaka 1975: kulikuwa na sehemu iliyo hai na sehemu iliyokwisha, na zote mbili zilikuwa zimefungwa kwenye kamba moja.

Kuna hoja nzito dhidi ya msimamo wangu, na sitaki kuipita kimya. Mtu anaweza kusema kwamba, kama Land Rover ilikuwa hai kiasi hicho, mwenye fedha zake angejitokeza kuinunua hata bila kodi ya mtu yeyote. Huenda. Mwaka 1986 mnunuzi alijitokeza kweli, naye alikuwa General Motors ya Marekani, ikitaka Land Rover pamoja na malori ya Leyland, na mazungumzo yakavunjika kwa sababu ya upinzani mkubwa wa wananchi na wabunge wa Uingereza. Lakini tazama mwaka huo: ni baada ya Land Rover kutengwa na kupewa uwekezaji. Mwaka 1975 ilikuwa sehemu ya hesabu zilizovurugika, isiyo na uongozi wake wala vitabu vyake. Mnunuzi huja kwa kitu kinachoonekana. Pia sharti tukumbuke kwamba yule mnunuzi mwenye nguvu wa mwaka 1986 ndiye aliyekuwa akipiga hodi kwa walipa kodi wake mwenyewe miaka 22 baadaye.

Uokoaji huo wa Marekani naujua kwa kusoma tu, kwa hiyo nitausema kwa ufupi, ingawa ndio unaotajwa zaidi. Novemba 2008 wakuu wa kampuni tatu kubwa za magari za Detroit walikwenda Washington kuomba msaada wakiwa kila mmoja ndani ya ndege yake binafsi, jambo lililowakasirisha wananchi na kwa haki. Desemba mwaka huo Rais George W. Bush alitoa mikopo ya dola bilioni 17.4 kwa General Motors na Chrysler. Kilichofuata chini ya Obama ndicho ninachokiona kuwa bora kuliko njia ya Waingereza: mipango ya kwanza ya kampuni hizo ilikataliwa, mkuu wa General Motors akaondolewa, na kampuni zote mbili zikapelekwa mahakamani kufilisiwa kwa utaratibu maalumu mwaka 2009. Wanahisa wa zamani wa General Motors walipoteza chao, waliokuwa wameikopesha kwa hati fungani wakakubali sehemu ndogo, majina kama Pontiac, Saturn na Hummer yakaachwa yafe, na serikali ikachukua karibu asilimia 61 ya kampuni mpya. Ilipouza hisa za mwisho Desemba 2013, ilikuwa imepoteza zaidi ya dola bilioni 10 kati ya takriban bilioni 50 ilizoweka.

Bilioni 10 ni fedha nyingi mno, na sikubaliani na wanaozitaja kana kwamba si kitu. Zingejenga madaraja mengi kama lile refu la Kigongo na Busisi, la kilomita 3 hivi, lililofunguliwa mwaka 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko. Lakini wakati ule mabenki yalikuwa yamefunga milango, hakukuwa na mkopeshaji binafsi wa kugharimia ufilisi wa ukubwa huo, na watengenezaji wa vipuri waliokuwa wakiuzia kampuni zote wangeanguka pamoja na mteja wao mkubwa. Mwaka 1980 Chrysler hiyo hiyo ilikuwa imepewa dhamana ya mikopo ya hadi dola bilioni 1.5, ikalipa yote iliyokopa mwaka 1983, miaka saba kabla ya muda, na hazina ikapata faida. Kwa hiyo kuokoa kunaweza kuleta faida na kunaweza kuleta hasara, na katika yote mawili swali la msingi lilikuwa lile lile: kuna gari gani ndani ya kiwanda hiki ambalo watu watalitaka mwaka kesho?

Swali hilo halikuulizwa kwetu, na ninalisema nikiwa na sababu. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 15 katika kiwanda kimoja cha umma hapa Mwanza. Kila mwaka kiwanda kilipata fedha kutoka serikalini, na kila mwaka fedha hizo zililipa mishahara na madeni, kisha zikaisha. Nakumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani na kumweleza mama kwamba mashine tatu zimenyofolewa vyuma ili mbili ziweze kutembea. Hakuna aliyekuja kutenga karakana iliyokuwa bado inatengeneza kitu chenye soko, kuipa mashine mpya na kuziacha nyingine zipumzike. Kiwanda kilipouzwa hatimaye, kiliuzwa majengo na kiwanja. Baba hakuwahi kulalamika kwamba serikali ilisaidia. Alilalamika kwamba ilisaidia bila kuingia ndani kutazama.

Nayataja hayo kwa sababu jambo hili limeshafika kwenye mwambao wetu. Ng'ambo ya ziwa, mjini Jinja, Uganda imejenga kiwanda cha Kiira Motors kwa fedha za umma, kazi iliyoanzia kwa wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere ambao mwaka 2011 walionyesha gari dogo la umeme, na sasa kinatengeneza mabasi ya umeme yanayoitwa Kayoola. Nawatakia heri kwa dhati, na siku basi la Kayoola litakapopita Mwanza nitalipanda na kuliandikia kama nilivyoliandikia gari hili. Lakini walipa kodi wa Uganda, na sisi wa Tanzania tuliowahi kuliunda lori la Nyumbu kule Kibaha, tunapaswa kudai tangu sasa kile Waingereza walichokidai kwa kuchelewa: hesabu za kila modeli zijitegemee, ghala la spea lihesabiwe kama sehemu ya kiwanda na lifunguliwe kabla gari la kwanza halijauzwa, na siku umma utakapouza hisa zake ulipwe thamani iliyopo badala ya kutupiwa makombo.

Kuhusu gari lenyewe, jibu langu kwa wanaouliza ni kwamba ninalipendekeza kwa mtu mwenye kazi ya mbugani, mwenye fundi anayemwamini na asiye na haraka barabarani. Kwa safari za lami pekee atafute kitu kingine. Mimi nililinunua kwa shilingi milioni 24 kutoka kwa mradi uliofungwa, na matumizi yangu ya dizeli ni lita moja kwa kilomita tisa au kumi nikiwa na mzigo, pungufu ya hapo mvua zikianza. Nimeshaombwa kuliuza mara mbili nikakataa. Anayekwenda kununua akague chesisi kwanza, halafu difu na sili za ekseli, halafu puli za taimingi. Mkanda aubadilishe siku ile ile bila kujali muuzaji amesema nini, na kabla haujafungwa amwombe fundi aloweshe kidole kwa dizeli na kuyasugua maandishi yake.